Hodi ya Tatu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya majabali wakati Bi Shaikha aliposhuka garini kwenda kuokota kuni. Mafuta ya taa yalibaki kidogo, na mumewe, Bwana Ishaq bin Marhoon, alitaka yatunzwe kwa chai ya alfajiri. Kuni zilikuwa tele pale bondeni, vijiti vya migunga vilivyoletwa na mafuriko ya zamani na kukaukia baina ya mawe. Aliokota huku akinung'unika. Alikuwa ameolewa na mtu aliyestaafu, na mtu aliyestaafu hupata mawazo.

Wazo lenyewe lilikuwa la siku nyingi. Huko Unguja, Ishaq alikuwa karani katika ofisi ya upimaji ardhi, na kazi yake ilikuwa kuandika majina katika ramani. Aliahidi kwamba siku atakayoacha kazi atatafuta gari la kulala ndani, wazunguke kisiwa kizima polepole, yeye na mkewe. Akastaafu. Kisha ukaingia mwaka wa sitini na nne, na kisiwa hakikuwa tena chao cha kuzunguka. Miaka ikapita Mombasa, katika nyumba za watu. Mwisho wa mwaka wa sabini, nchi ya mababu, Omani, ilipofunguka na wao wakapata vyumba viwili mjini Matrah, Ishaq alikutana na Mwingereza mchimba visima aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Akanunua kwake lori dogo la Bedford lililojengewa chumba cha mbao mgongoni. Mlikuwa na kitanda, kabati na jiko, na mlango mmoja wa nyuma wenye ngazi.

"Unguja imetushinda," alimwambia mkewe. "Basi tutazunguka Omani."

"Kwa magoti haya?"

"Gari lina magurudumu, Bi Shaikha. Magoti yako, na hili goti langu bovu la kushoto, yatakaa kitako."

Ishaq alikuwa mtu wa taratibu, na aliyemwona mara moja alizijua zote. Akimaliza kunywa au kula, hufudikiza kikombe au bakuli lake, akalaza kijiko juu. Hata kwake mwenyewe hakuingia bila kubisha. Alipiga hodi tatu, hakuongeza ya nne, na asipoitikiwa aliondoka zake, maana ndivyo alivyofunzwa na babake. Siku moja huko Unguja, nyumbani kwao Vuga, Shaikha alipitiwa na usingizi, na asubuhi akamkuta mumewe amejikunyata barazani, kanzu imelowa umande.

"Nilibisha tatu," alisema. "Hukuitika."

Shaikha alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Daktari wa Mombasa alipomkataza chumvi kwa sababu ya presha, Ishaq aliiacha siku ile ile, na hakuonja tena. Asubuhi ya safari jirani yao wa Matrah, Bi Masouda, kikongwe aliyekulia Unguja kabla ya kurudishwa Omani, aliwaletea chumvi iliyofungwa kwenye kitambaa. "Usende wadini, mabondeni huko, bila hii, mwanangu," alisema. Ishaq akamshukuru kwa adabu, na Bi Masouda alipogeuka, akakiacha kile kifundo dirishani.

Njia ya kwenda Quriyat, alikozaliwa babu yake, haikuwa njia. Ilikuwa mawe tu. Walipokaribia kijiji cha pwani cha Yiti, Ishaq alianza kunusa.

"Bi Shaikha. Humu mna papa."

"Papa gani?"

"Papa mkavu. Wa chumvi."

"Labda ni bahari. Si umesema tumekaribia Yiti?"

"Bahari hainuki hivyo."

"Basi ni wewe."

Akasimamisha gari, akapanda nyuma, akainua godoro, akalitoa kopo la papa alilolificha mkewe. Papa yule alimpa mchunga mbuzi aliyekuwa kando ya njia, naye akampokea kwa furaha. Lakini hakukipata kile kipande kidogo alichokifunga Shaikha katika pindo la kanga yake. Mwanamke hali wali mkavu safari nzima kwa sababu ya presha ya mwenziwe.

Kabla ya kuondoka, Ishaq alimwuliza mchunga mbuzi jina la bonde lililo mbele.

Mtu yule akatazama pembeni. "Piteni mchana," alisema. "Halina jina."

"Kila pahali pana jina."

"Lilikuwa nalo," alisema mchunga mbuzi, akawafukuza mbuzi wake kuelekea walikotoka.

Wangelipita mchana, lakini katikati ya bonde lile gurudumu lilitoboka, na Ishaq alipomaliza kulibadilisha, vivuli vilikuwa vimeshafika upande wa pili. "Tutalala hapa hapa," alisema.

Shaikha aliwasha moto karibu na ngazi ya gari. Akapika wali, na mchuzi wa nguru usio na chumvi, kama kawaida. Mumewe alipomgeuzia mgongo, alikata uzi mmoja wa papa akauweka chini ya ulimi. Maghrib ikapita. Wakasali. Giza likashuka haraka, kama mtu aliyeangusha pazia.

Ndipo aliposikia.

Du... du... du...

Mchi. Mtu alikuwa anatwanga, mbali kidogo, juu huko kwenye majabali.

"Kuna kijiji," alisema Ishaq.

"Kinaitwaje?" Shaikha alimtania. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

Ishaq akainua macho kutazama majabali. Hakukuwa na taa juu kule. Hakukuwa na moshi, wala mbwa aliyebweka. Mchi tu, peke yake, bila kupumzika. Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya ghala lililofungwa miaka, unga ulioota ukungu na vumbi la baridi.

Mchi ukanyamaza.

"Hodi."

"Karibu," alisema Shaikha.

Lilimtoka lenyewe. Maisha yake yote, neno lile moja limevuta lile la pili. Limeshatoka ndipo alipojiuliza... Nani katika bonde hili ajuaye kupiga hodi?

Mtu mmoja akaingia katika mwanga wa moto. Alikuwa mzee mwembamba. Kanzu yake ilikuwa na rangi ya majivu, na mikono yake imejaa unga mpaka viwikoni.

"Karibu bwana, karibu!" Ishaq alisimama kwa furaha. Miezi mingi hakusikia Kiswahili kwa mgeni. "Wewe ni wa Unguja?"

"Mwera," alisema yule mtu. Alisema taratibu, kama anayetafuta maneno ndani ya sanduku. "Hitima yangu ilisomwa Mwera."

Ishaq akacheka. "Ati hitima! Na jina lako, bwana?"

"Nilikuwa nalo."

Kicheko kikakatika. Shaikha alimwona mumewe akikunja uso, kama alivyokuwa akikunja zamani akiletewa ramani yenye kijiji kisichoandikwa jina.

"Haiwezekani mtu kukosa jina," alisema. "Mimi ni Ishaq bin Marhoon bin Aflah." Alilisema pole pole, kama anayemfundisha mtu kusoma.

"Ishaq bin Marhoon bin Aflah," mgeni akanong'ona. Akarudia tena, akilionja.

Shaikha akampakulia. Angefanya nini? Keshasema karibu. Mgeni akala bila sauti ya kutafuna, bila kupuliza wali uliokuwa bado unatoa moshi.

"Chakula cha kwetu," alisema. "Hakina chumvi."

"Ni daktari," alisema Ishaq. "Presha."

"Tuliisikia harufu yake tangu mlipowasha moto."

Shaikha akaweka upawa chini. Alimkumbuka bibi yake, huko Unguja, siku za kupunga pepo. Chakula cha mashetani kilipikwa chungu chake, mbali na cha watu, na alipewa kofi mtoto aliyetaka kukitia chumvi. Hawali chumvi, bibi alisema. Hicho ndicho chakula chao, na anayekila ni wao.

Mgeni akamgeukia. Pua zake zikatanuka... Akarudi nyuma kama aliyepigwa na moshi.

"Huyu ana chumvi," alimwambia Ishaq. "Huyu hatuna haja naye."

Akasimama.

"Bwana Ishaq bin Marhoon bin Aflah. Wataka jina la pahali hapa? Limechongwa kwenye jiwe. Hapo tu, nyuma ya mwamba."

"Usende," Shaikha alinong'ona. Alimshika mumewe kanzu. "Nakuomba. Usende."

"Ni hapo tu, Bi Shaikha."

"Jina la nini giza hili?"

"Nikiulizwa tulilala wapi, nijibu nini?"

Akachukua tochi yake, akamtoa vidole kimoja kimoja, kwa upole. Shaikha aliitazama taa ya tochi ikipanda na kushuka juu ya mawe. Ikauzunguka mwamba.

Ikazimika.

"Ishaq!"

Majabali yakamrudishia jina lile, kisha yakanyamaza. Shaikha akakitoa kipande cha papa pindoni, akakibana kifuani. Akasubiri. Hata mdudu hakulia.

Halafu...

Du... du...

Mchi umeanza tena. Lakini sasa haukuwa mmoja.

Du-du... du-du... du-du...

Watu wawili walikuwa wanatwanga kinu kimoja, kwa kupokezana.

"Mbona umekaa gizani?"

Akapiga kelele. Ishaq alikuwa amesimama nyuma yake, upande wa pili wa gari, si upande alikokwenda. Alikuwa anatabasamu. Mikononi hakuwa na kitu.

"Tochi iko wapi?"

"Tochi gani?"

"Na jina? Umelipata jina?"

"Pahali hapa hapana jina," alisema Ishaq bin Marhoon. "Tulale."

Akanywa chai yake mpaka mwisho. Akakiweka kikombe chini, wima, kijiko ndani.

Kulipokucha tu waligeuza gari. Safari ya Quriyat haikutajwa tena.

Huko Matrah, Bi Masouda alisikiliza habari yote akiwa ameketi kwenye jamvi lake, hakukatiza. Shaikha alipomaliza, kikongwe aliuliza jambo moja tu. "Alikula chumvi hata chembe, kabla ya kwenda?"

"Hakula."

"Na wewe?"

"Papa."

Bi Masouda akashusha pumzi. "Nchi hii ina watu wanaochukua watu, mwanangu. Sijui wanafanyaje, na anayejua hasemi. Aliyechukuliwa huitwa mughayyab, aliyetiwa ghaibuni. Anawatumikia, anatwanga, anachunga. Nyumbani hubaki sura yake. Sura inakula, inalala, inaongea. Siku moja inakufa, watu wanaizika, wanalia. Wanalia bure. Mwenyewe yuko anatwanga."

"Na harudi?"

"Wengine huponyoka wakati wa maghrib. Wenye akili humwekea mtu wao chakula cha chumvi nje ya mlango. Akikila, nguvu zinamrudia kidogo kidogo, mpaka siku atakayoweza kuja kuita. Siku hiyo ukimwitikia, utampata." Akamshika Shaikha mkono, akaubana. "Lakini mumeo amempa yule mtu jina lake. Anayekuja kuita anaweza kuwa yule. Ukimwitikia yule, atakuchukua na wewe. Na usiulize 'nani'. Neno lolote ni kuitikia."

"Nitamjuaje?"

"Wewe ndiye mkewe."

Siku ile Shaikha alitia chumvi kwenye mchuzi, konzi nzima, mpaka yeye mwenyewe alipoonja akatema. Akamwekea mumewe. Akakaa mbele yake, mikono mapajani.

Ishaq akala. Akaongeza.

"Mzuri," alisema. "Umeshazoea sasa kupika bila chumvi."

Akampeleka kwa daktari wa Kihindi. Daktari akasema uzee hupoteza ladha, na homa pia. Akampima presha, akatikisa kichwa kwa furaha. Imeshuka, alisema. Kama ya kijana. Akampongeza Shaikha kwa mapishi yake.

Basi kila machweo, mumewe akiwa ndani anasikiliza redio, Shaikha alitoa bakuli la uji wa chumvi akaliweka kizingitini, na kijiko chake. Asubuhi ya kwanza alilikuta tupu. Paka, alijiambia. Ya pili, tupu. Akaacha kuhesabu. Kisha ikaja asubuhi alipofungua mlango akashikilia mwimo.

Bakuli lilikuwa limefudikizwa. Kijiko kimelazwa juu.

Alikaa kizingitini akalipakata bakuli lile kama mtoto. Hakulia kwa sauti, kwa kuwa ndani alikuwamo mtu.

Tangu hapo alijua. Alitia chumvi, na ndizi, na mdalasini ambao Ishaq aliupenda. Kila asubuhi bakuli lilimngojea, limefudikizwa, kijiko juu. Yule wa ndani hakuuliza kitu. Ila alianza kumtazama. Shaikha akigeuka jikoni, macho yake yako pale. Akitoka na bakuli, redio inapunguzwa sauti.

Jioni moja adhana ya maghrib ilikuwa imekwisha kitambo. Kichochoro kilikuwa kimya. Walikuwa wameketi wawili kwenye jamvi, wanakula uji, taa ya chemli katikati yao.

"Hodi."

Kijiko cha Shaikha kikasimama hewani.

Ilikuwa sauti ya Ishaq. Imechoka, imekauka, kama sauti ya mtu aliyeshinda kwenye vumbi. Lakini ilikuwa yake, kwa namna aliyokuwa akilivuta lile neno mwishoni, barazani Vuga, miaka yote.

Shaikha akafungua mdomo.

"Usiitikie," alinong'ona mumewe.

Akamgeukia. Yule mtu alikuwa ameinama mbele, uso umepauka kwa mwanga wa taa, macho yamejaa maji.

"Shaikha, ni yule," alisema. "Yule wa bondeni. Alilichukua jina langu. Amenifuata. Usimfungulie, nakuomba."

"Hodi."

Ya pili. Mlango ulitikisika kidogo, kama ulioegemewa na mtu.

Shaikha akaangalia mlango. Akamwangalia yule aliyeketi. Akashusha macho, akatafuta chochote cha kumwongoza, na ndipo alipoliona bakuli la yule mtu juu ya jamvi.

Limefudikizwa. Kijiko kimelazwa juu.

Tangu waliporudi kutoka bondeni hajapata kufanya hivyo hata siku moja. Je, amerudiwa na fahamu zake? Ni yeye kweli, Ishaq, alikuwa mgonjwa tu na sasa amepona? Au kila asubuhi alikuwa nyuma ya dirisha, anamtazama mkewe akilipakata bakuli la kizingitini... akijifunza?

Alitaka kuuliza. Neno lolote ni kuitikia. Alitaka kusema. Akimwitikia yule wa bondeni, watakuwa wawili wanaotwanga. Asipomwitikia mumewe...

Mkono wa yule mtu ukaushika wake. Ulikuwa wa joto. Mkono wa mtu.

"Hodi, Bi Shaikha."

Ya tatu.

Taa ikacheza. Shaikha akasubiri ya nne. Wa bondeni angeiita ya nne, alijiambia. Mwenye shari habanduki mlangoni. Angebisha, angepiga kelele, angeuvunja.

Hakukuwa na ya nne.

Nje, makubadhi yakageuka. Akasikia hatua zikiteremka kichochoroni, mguu wa kushoto ukikokota kidogo, ule wenye goti bovu. Zikienda pole pole, kwa adabu, kama za mtu aliyebisha tatu akakuta wenyewe wamelala.

"Karibu!" alipiga ukelele. Aliuvuta mkono wake, akaurukia mlango, akahangaika na komeo. "Karibu! Karibu, Ishaq, karibu!"

Kichochoro kilikuwa kitupu. Alikimbia mpaka kona, hana viatu, hana buibui. Hapakuwa na mtu. Juu kule kwenye majabali meusi ya Matrah, ambako hapakai mtu, kitu kikaanza.

Du-du... du-du... du-du...

Aliporudi, aliiona tochi. Ilikuwa imewekwa kizingitini, sawasawa, kando ya bakuli. Ilikuwa ile ile iliyokwenda nyuma ya mwamba. Bado ilikuwa inawaka, mwanga mwekundu, dhaifu, na kioo chake kimejaa unga. Aliiokota kwa mikono miwili. Ikafifia, ikazimika mkononi mwake.

"Funga mlango, Bi Shaikha," ilisema sauti kutoka ndani. "Baridi inaingia."

Alifunga.

Hata hivi sasa, kila machweo, Shaikha hutoa bakuli la uji wa chumvi. Usiku halali. Hukaa nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, neno liko tayari kwenye ncha ya ulimi. Asubuhi hufungua. Uji uko vile vile, umeganda, umefanya ngozi juu. Hakuna aliyeugusa.

Na ndani, mumewe mwenye afya njema humaliza wake wote. Kisha hulifudikiza bakuli, akalaza kijiko juu, akainua macho kutazama kama Shaikha anaona.